Yago la Nahashon Ondiek

Nimechoka. Naanzia hapo kwa sababu ndipo siku ile ilipoanzia. Wiki nzima nilikuwa nasahihisha mitihani ya wanafunzi wangu wa historia, nikitafuta jibu moja lenye uhai kuhusu harakati za uhuru, na karibu wote waliandika kwamba wazee wetu walipigana kwa ujasiri na umoja. Umoja upi? Nusu ya wazee wale hawakusalimiana mpaka kufa.

Kazi yangu ni kuwafuata vijana waliotoka Kenya kabla ya uhuru kwenda kusoma ng'ambo kwa njia za panya: Uganda, Sudani, Kairo, kisha Moscow, Prague, Ujerumani Mashariki. Mkoloni aliwanyima pasipoti, wakaenda kwa miguu, kwa malori na kwa maneno matamu. Wenzangu wa vyuo vya nje huiita historia ya kimataifa. Kwangu mimi maana yake ilikuwa kumtafuta baba wa jirani yangu katika nchi ambayo yenyewe haipo tena.

Jirani huyo ni Awuor, mwenye bucha Soko la Burma. Baba yake, Nahashon Ondiek, alikuwa karani wa reli na mtu wa chama cha wafanyakazi. Aliondoka mwaka wa 1960, Awuor akiwa anatambaa, na mama yake, Adoyo, akiwa msichana wa miaka ishirini hivi. Mwaka uliofuata mmoja wa wenzake alirudi na kusema Nahashon alishikwa na homa kule Sudani, akafa. Uhuru ukaja, wengine wakarudi na suti na shahada. Yeye kimya.

Sasa, kwa Wajaluo, mtu akifia mbali na mwili usipatikane, huzikwa tunda la yago mahali pake. Ni tunda refu, zito kama mtoto mchanga. Awuor aliponieleza mara ya kwanza nilicheka, Mungu anisamehe, maana sisi Wakikuyu tunda hilohilo ndilo muratina, tunalichachushia pombe ya ruracio, sherehe ya mahari. Wao wanalililia, sisi tunalilewea. Hakukasirika. Alisema tu, "Kumbe nyinyi mnakunywa watu wetu."

Aliyetaka yago lizikwe ni Adoyo mwenyewe. Mashemeji hawakuiamini ile habari ya homa, wakawa wameanza kumwambia arudi kwao, eti mume mtoro hana mke. Akaona njia ni moja. Mke wa mtoro hufukuzwa, lakini mjane ana nyumba yake, shamba lake na jina la mumewe. Nahashon akazikwa nyumbani Ugenya baada ya uhuru, kwa jeneza na nyimbo, na Adoyo akabaki. Alikataa kurithiwa. Amekuwa mjane tangu hapo, na sasa ni ajuza wa miaka themanini na kitu. Na kwa mila yao, aliyekwisha kuzikwa hivyo, hata akitokea akiwa hai, haingii tena langoni mwa boma. Ni marehemu.

Miaka yote hii kila nikienda kununua nyama Awuor huniuliza, "Daktari, umempata baba?" Namjibu bado, naye ananiongezea mfupa wa supu. Alichotaka ni kujua kaburi liko upande gani wa Sudani, apeleke hata ua. Jumamosi ile nilikuwa nimempata, na nilitamani sana ningekuwa na kazi nyingine, hata ya kuuza mitumba Gikomba.

Aliyenipa habari ni Mzee Mumin, kijana wa zamani wa Pumwani aliyekwenda Leipzig, Ujerumani Mashariki, kusoma na hajarudi mpaka leo. Nilimpigia simu kumwuliza mambo ya chama chao cha wanafunzi. Jina la Nahashon nililitaja kwa mazoea tu, kama ninavyolitaja kwa kila mtu.

"Ondiek?" akasema. "Huyo tulimzika hapa hapa, mwanangu, mwaka wa tisini na tatu. Mvua ilitunyeshea."

Nikaketi. Akanieleza polepole. Nahashon aliugua Sudani kweli, lakini akapona, akafika, akasoma. Aliandika nyumbani, hakujibiwa. Baada ya uhuru serikali mpya nayo ikawashuku waliosomea upande ule, akangoja ruhusa ya kurudi mpaka mwaka wa 1972. Alipoipata, akaaga kazini. Wiki hiyohiyo akaja kijana wa kwao kusomea udaktari. Kijana alimwona, akaogopa, akamwambia: wewe ulizikwa.

"Aliuliza swali moja," Mumin akasema. "Nani aliyetaka nizikwe? Akaambiwa, mkeo. Basi, mwanangu, safari ikaishia hapo. Kila mgeni aliyetoka Kenya alimwuliza habari za Adoyo na mtoto. Lakini alisema mwanamke amekwisha kumtoa maishani mwake, na hana haki ya kumsumbua."

Nilimwambia Awuor pale pale buchani, nyuma ya pazia, kwa sababu nilijijua: nikingoja mahali pazuri, sitasema. Upande wa pili mtu alikuwa anakata mbavu. Awuor alisikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika kitambaa cha kufutia mizani.

"Mimi naolewa, yuko hai," akasema. "Nazaa, yuko hai. Woi, Mama Tiffany, si ungeniambia tu alikufa Sudani?" Tiffany ni binti yangu; Awuor huniita hivyo akisahau udaktari.

"Ulikuwa unataka ukweli."

"Nilikuwa nataka kaburi!"

Akalia, nami nikalia naye. Nilijionea aibu, mtu mzima niliyekuja na ukweli mkononi kama niliyeleta zawadi. Aliponyamaza akaniambia mama yake asijue, na kwenye kitabu changu nisiandike mpaka mama aage dunia. Nilikubali upesi. Tena nilifurahi. Nimechoka kuwachimbua watu, na kwa mara ya kwanza mtu alikuwa ananiomba niache.

Lakini hakuniacha niende zangu. Msiba ni msiba, akasema, lazima tule pamoja, na nyama alikuwa ameshaifunga. Tukaenda kwake, mtaa wa Umoja. Adoyo tulimkuta nje ya geti, kwenye kipande cha jua, maana tangu jirani aongeze ghorofa jua haliingii uani. Akatutazama mmoja mmoja.

"Nyar Okuyu," akaniita. Binti wa Wakikuyu, ndivyo aniitavyo siku zote. "Huyu wangu amelia."

"Ni moshi wa nyama choma kule Burma, Mama," nikasema.

"Moshi amezoea." Akanikazia macho. "Umempata."

"Mama, tuingie ndani, chakula kitapoa," Awuor akasema.

"Nauliza huyu. Umempata?"

Watu wamenidanganya miaka mingi, wengine wakiwa wameshika Biblia, kwa hiyo najua jinsi inavyofanywa. Nilijaribu kuupanga uongo nikashindwa. Mbele ya mama yule hata nguvu ya kudanganya sikuwa nayo.

"Ndiyo, Mama. Homa ilimwacha. Akafika Ulaya."

"Akaniulizia?"

"Kila mgeni aliyemwona."

"Mpaka mwaka gani?"

Awuor alinifinya mkono. Nikamwambia tisini na tatu. Kisha, kwa kuwa nusu ya habari ni mbaya kuliko habari nzima, nikamwambia na ile sabini na mbili: kwamba alikuwa ameshaaga, kwamba aliambiwa ni mkewe aliyetaka azikwe, kwamba alidhani ametolewa.

Nilitegemea machozi. Alikasirika.

"Na hakuuliza ni kwa nini?"

"Hakuuliza, Mama."

"Nilimzika nibaki kwake! Wangenifukuza, angerudi anikute wapi?" Akanyoosha mkono. "Angekuja asimame tu hapo," akasema, akionyesha ng'ambo ya barabara, penye kibanda cha M-Pesa. "Lango la boma lilimkataza yeye. Mimi halikunikataza. Ningetoka."

Awuor akamshika bega. Mama akauondoa ule mkono, akanigeukia mimi.

"Ningetoka," akaniambia tena, kwa sauti ya kuagiza, kana kwamba ningeweza kumpelekea mtu habari hiyo.