Vyumba Tisa vya Kulia

Miaka tisa alikuwa na mkwe, na katika mkwe huyo Nyiraneza alikuwa ameona kwa macho yake kitu kimoja tu: viatu. Vilikuwa vyeusi, vya kamba, na cha kushoto kilikuwa kimepigwa kiraka. Aliviona siku ya mahari, pale kwake Mushaki, mashariki mwa Kongo, kupitia upenyo ulio chini ya mlango wa jikoni. Sebuleni wageni kutoka Walikale walikuwa wakila na kusifu maziwa yake, na yeye mwenye maziwa alikuwa amejibanza jikoni na kitenge usoni, akisikiliza.

Hakuwa amekasirika, hata kidogo. Kwao mama mkwe na mkwe hawali huku wanaonana, hawapeani mkono, wala hawalali chini ya paa moja. Wakikutana njiani, mama hutoka njiani akatazama mashamba ya watu kama mtu anayetaka kuyanunua. Mama yake Nyiraneza alimfanyia hivyo mume wa Nyiraneza mpaka mama huyo akafa, na mkwe akamlilia kuliko watoto wake wa kuzaa. Vijana wa siku hizi wakisikia hayo wanacheka, basi na wacheke. Heshima ina namna nyingi, na hii ndiyo aliyoijua Nyiraneza.

Taabu ilianza na simu. Binti yake, Josiane, aliyekuwa akiishi Ubelgiji na mumewe Plamedi, alipenda kupiga simu ya picha. Kila sura ya mwanamume ilipotaka kuchungulia pembeni, Nyiraneza aliilaza simu kifudifudi juu ya meza. "Réseau imekata," alisema, na kweli kule Mushaki mtandao hukatika mara nyingi kiasi kwamba uongo huo haukumchosha. Miaka tisa mtandao ulikatika kila Plamedi alipotokea.

Katika miaka hiyo hiyo mama na binti hawakuonana uso kwa uso. Mara mbili Nyiraneza aliomba visa, na mara mbili pasipoti ikarudi jinsi ilivyokwenda. Josiane naye hakuthubutu kumpitisha mtoto wake wa miaka minne, Igiraneza, katika barabara ya Sake yenye watu wa bunduki, na hakuna mtu aliyemlaumu. Ndipo kazi yake ikafungua mlango. Josiane aliajiriwa katika ofisi inayowauzia matajiri safari za meli, zile meli ambazo watu hupanda si kwa sababu wana pa kwenda, bali ili wakae tu ndani yake wakila. Mfanyakazi aliyetimiza miaka mitano alipewa safari moja ya familia kwa bei ya kirafiki, pamoja na wazazi wa pande zote mbili. Meli ingeondokea Mombasa, na Kenya haimwombi Mkongomani visa. Ilibaki kuchagua kati ya kampuni mbili, na jibu lilitakiwa kabla ya Ijumaa. Josiane akasema mama ndiye atakayechagua, kwa kuwa yeye ndiye mgeni wa heshima.

Basi Jumapili, baada ya misa, Viateur alikuja na daftari. Viateur alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, mwalimu mstaafu ambaye hata kichupa cha dawa ya kikohozi hakukinywa kabla hajasoma karatasi yake yote. Alikaa karibu na makopo ya maziwa, akapiga mstari katikati ya ukurasa. Upande mmoja aliandika *Grande Isabelle*, upande wa pili *Petite Aurore*.

"Kwanza ile kubwa," alisema. "Ghorofa kumi na nne. Batu elfu mbili. Piscine tatu za kuogelea, salle ya théâtre, na vyumba tisa vya kulia. Ile ndogo: ghorofa tano, batu makumi tisa, piscine moya, chumba cha kulia kimoya. Lakini kwa ile ndogo, vyote viko ndani ya bei. Vinywaji, intaneti, kutembezwa mu miji. Na kila chumba kiko na mutumishi wake."

"Mutumishi wa kufanya nini?"

"Kutandika kitanda. Mara mbili kwa siku."

"Mara mbili? Kwani banalalaka mara ngapi?"

Viateur aligeuza ukurasa, kama alivyozoea darasani. "Na kuko karatasi ya kuchagua mito. Aina munane."

"Muntu iko na kichwa kimoya," alisema Nyiraneza.

Waliendelea hivyo mpaka chai ikapoa. Viateur alipenda *Petite Aurore*, na alieleza kwa nini. Kwa bei ya watu wa kawaida, alisema, ile ndogo ni ng'ombe kumi kwa juma na ile kubwa ni ng'ombe saba. Lakini katika ile kubwa utalipa soda, utalipa intaneti, utalipa gari la kukutembeza, na mwisho wa juma ng'ombe watatu waliobaki watakuwa wamekwenda vilevile, tena mmoja mmoja. Ile ndogo ina watumishi karibu sawa na wageni. Ile kubwa ina foleni.

Nyiraneza alisikiliza kwa adabu. Akauliza jambo moja tu.

"Vile vyumba tisa vya kulia, viko pamoya ao viko mbalimbali?"

Viateur alivaa miwani akaitazama ramani ya meli kwenye simu. "Kimoya kiko chini kabisa. Kingine kiko kule juu, ghorofa ya kumi na mbili. Vingine viko katikati."

Hapo moyo wa Nyiraneza ukatulia. Vijana watakula juu, yeye atakula chini, na hakuna mtu atakayemwona mwenzake akitafuna. Lilibaki suala la kulala chini ya paa moja, na hilo alilifikiria huku akimimina maziwa kwenye sufuria kubwa ya kutengenezea fromaji, ile jibini aliyokuwa akiuza sokoni. Sakafu ya ghorofa ni paa la walio chini yake. Kwa hiyo nyumba ya ghorofa kumi na nne ina mapaa kumi na manne. Aliirudia hesabu hiyo mara mbili, hakuona kosa, akafurahi sana.

"Tunachukua ile kubwa," alimwambia Josiane kwa sauti ya kurekodi. "Na chumba yangu iwe ghorofa ya pili, kule mukiani. Yenu iwe ya kumi."

Hakueleza kwa nini. Mambo hayo hayaelezwi. Mtoto huyaona kwa mama yake akayajua, jinsi anavyojua kukamua. Alisahau tu kwamba Josiane alipelekwa shule ya bweni Goma akiwa na miaka kumi, na kwamba Plamedi alitolewa Walikale mdogo zaidi ya hapo. Hao wawili walijua kutumia uma na kisu. La mama mkwe hakuna aliyewafundisha.

Jibu lilifika Jumanne, Nyiraneza akiwa anageuza fromaji kwenye rafu. Sauti ya Josiane ilikuwa imekauka.

"Mama, miaka tisa niko natafuta njia ya kukuona. Sasa njia imepatikana, na weye unaomba ghorofa nane katikati yetu. Plamedi ameniambia kitu, mama, na sikutaka kuamini. Anasema haumupendake juu ni muntu wa Walikale, muntu wa pori. Anasema kila akitokea kwa simu, unageuza simu. Anaona. Anaonaka kila mara. Anasema tuende siye wawili na mutoto, yeye atabaki, ili ukae na amani. Niambie kama ni vile."

Nyiraneza aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. Alisikiliza tena, kisha mara ya tatu. Siku ile fromaji sita ziliingia sokoni bila chumvi, na wateja walisema wazi walivyoziona.

Alitaka kulia na alitaka kucheka, na aibu ikamzuia yote mawili. Miaka tisa alikuwa akimpa kijana yule heshima kubwa kuliko anayompa padri, na kijana akaipokea kama tusi. Kwa nini asifikiri hivyo? Hakuna aliyemweleza, na jinsi watu wa sehemu hizi walivyozoea kuulizana umetoka wapi, aliyegeuziwa uso hujaza sababu mwenyewe. Nyiraneza alijilaumu. Alimlaumu Josiane pia, kidogo, halafu akajilaumu tena.

"Mueleze basi," alisema Viateur.

"Nimueleze miye mwenyewe, muntu niko namuepuka kwa heshima? Nianzie wapi?"

"Piga kwa baba yake."

Baba yake Plamedi aliitwa Albert, mkulima wa Mpofi kule Walikale, mjane, mtu anayepanda mihogo na ndizi na bado anayejua mitego ya babu zake. Naye alikuwa amealikwa kwenye meli, na alikuwa amejibu kwamba atafuata chochote atakachochagua Mama Josiane, ilimradi ndani ya meli mtu asilazimishwe kuogelea. Yeye na Nyiraneza hawakuwa na mwiko wowote. Wazazi wa mke na wa mume huonana na kutaniana kama kawaida.

Albert alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akacheka kicheko kirefu, hata Nyiraneza akaisogeza simu mbali na sikio.

"Bokilo, kosa iko yangu," alisema, kwa lile neno la Kilingala la kumwita mkwe. "Kwetu ile kitu inafunguliwaka. Mukwe analeta mbuzi, mama anakula ini mbele ya macho yake, naye anakula mbele ya mama. Imeisha, batu banakaa kama mama na mutoto. Tulitaka kufanya. Mama yake Plamedi akakufa, mutoto akaenda Bulaya, nikasema tutaona. Unaona sasa. Hata kwenu haiko vile?"

Nyiraneza alifikiri. Kwao ilikuwa hivyo hivyo, ila kwao zawadi ilikuwa majembe mawili, na hakuna aliyeyaleta.

"Mbuzi inatosha," alisema.

Alhamisi kabla ya adhuhuri pikipiki ilisimama mbele ya ua. Albert alishuka mwekundu kwa vumbi toka miguuni mpaka kwenye nyusi, baada ya siku mbili za njia. Mbuzi dume mweusi alikuwa amefungwa nyuma yake ndani ya gunia, kichwa nje, akiwatazama watu wa Mushaki kwa dharau. Albert aliomba maji, akaomba kisu.

Ini lilichomwa bila kitu kingine, chumvi tu. Nyiraneza alihakikisha mwenyewe kwamba chumvi imo. Viateur aliiegemeza simu kwenye kopo la maziwa, akasafisha kioo kwa shati lake, akapiga Ubelgiji. Walikuwa wamepatana tangu jana, na Albert alikuwa amemweleza mwanawe kila kitu. Plamedi aliondoka kazini mapema akaenda Matonge, mtaa wa Wakongomani, kutafuta ini la mbuzi, akazunguka maduka matatu.

Simu iliita, ikapokelewa. Mkono wa Nyiraneza ulikwenda wenyewe kuilaza kifudifudi, kwa mazoea. Albert aliushika, akaurudisha polepole magotini kwake.

"Tazama, bokilo."

Akainua macho.

Plamedi alikuwa na masikio ya baba yake, makubwa, yaliyosimama. Alikuwa na mvi mbili tatu juu ya paji la uso, naye hata miaka arobaini hajafika. Alikuwa amevaa suti na tai, mchana wa siku ya kazi, jikoni kwake, na sahani mkononi. Nyuma yake Josiane alikuwa amemshika Igiraneza.

Nyiraneza alikata kipande cha ini, akakitia kinywani, akatafuna huku akimtazama. Hakuwahi kupata chakula kigumu kumeza namna hiyo tangu azaliwe. Alimeza.

"Mama," alisema Plamedi. Sauti aliijua, sura ndiyo ilikuwa mpya.

"Kula, mutoto yangu," alisema Nyiraneza. "Itapoa."

Plamedi alikula. Alitafuna upande mmoja, upande wa kushoto, kama mtu mwenye jino bovu, na Nyiraneza akajiambia kwamba huyu anahitaji maziwa. Machozi yalimtoka, akayaacha. Albert alikuwa tayari ameanza kuuliza mapaja ya mbuzi, nani achukue lipi.

Igiraneza ndiye aliyefuata kusema upande ule, akauliza kama na yeye atapewa. Watu wakacheka, Josiane akacheka huku akijifuta pua, kisha akakumbuka kazi yake.

"Mama, kesho ni Ijumaa. Niandike nini? *Grande Isabelle*, ghorofa ya pili, mukiani?"

"Andika ile ndogo."

Viateur, aliyeitetea ile ndogo Jumapili nzima, sasa alishtuka. Alikuwa amekwisha kubadili maoni yake ili yafanane na ya shemeji yake, akayaandika kwa kalamu ya wino. Alifungua daftari.

"Mama Josiane, fikiri muzuri. Ile kubwa iko na vyumba tisa vya kulia. Ile ndogo kimoya tu."

"Najua," alisema Nyiraneza. Hakuondoa macho kwenye ile sura ndani ya simu. "Josiane, uliza tu kitu kimoya. Uliza kama kwa ile chumba yabo ya kulia kuko meza ya batu batano."