Ampuli ya Mama Mukarurangwa

Jumanne moja ya mwaka 1998, saa nne asubuhi, Bonaventure Tshimanga aliegemeza ngazi kwenye ukuta wa nyumba moja mjini Baraka, kando ya ziwa, akakata waya wa umeme kwa koleo, akashuka, akaingia sebuleni. Ampuli, balbu ya dari, ilikuwa bado inawaka.

"Si nilikuambia?" alisema Solange, mke wa chifu wa mtaa, akichambua maharagwe. "Inakatala kuzimika. Batoto habalali."

"Mama, courant ya umeme haiko tangu mwezi wa nane. Tribini ya mtoni balishaibeba."

"Najua. Lakini iko inawaka."

Bonaventure akaifungua ampuli, akaishika mkononi. Iliendelea kuwaka, vuguvugu kama yai lililotagwa sasa hivi. Akairudisha mahali pake.

Alikuwa mhandisi wa mgodi huko Likasi hadi mwaka 1993, watu wenye asili ya Kasai walipofukuzwa Katanga. Wenzake walipanda treni kwenda Kasai. Yeye, ambaye Kasai hakuwahi kuiona, alishika njia ya Kalemie na kupanda boti mpaka Baraka. Huko aliunda tribini kwa vyuma chakavu, akaifunga mtoni juu ya mji, akaanza kuuza umeme. Watu walicheka: mwenye kuja anatuuzia moto wa maji! Mteja wa kwanza alikuwa Mukarurangwa, mjane aliyeteremka kutoka milima ya Minembwe kuuza siagi.

"Hata mi bananiita mwenye kuja," alimwambia, "na nilizaliwa hapa juu tu. Vuta waya."

Nyumba thelathini zikafuata.

Vita vilipoanza tena, wenye bunduki waling'oa tribini. Kisha mkubwa wao akadai ramani ya laini, iliyokuwa na kila nyumba na jina la mwenyewe.

"We unatoka wapi?" aliuliza.

Bonaventure aliitoa ramani kabla hajajibu. Kesho yake lori lilisimama kwenye nyumba nne za watu wa Minembwe bila kuuliza njia, likawachukua wote, Mukarurangwa akiwemo. Siku ya tatu ampuli za nyumba hizo ziliwaka zenyewe. Siku ya nne familia nyingine zilihamia humo, ya chifu kwa Mukarurangwa.

Sasa, akikunja waya wake, Bonaventure alijikuta anamsimulia Solange habari ya ramani.

"Kila mutu anajua," Solange alisema. "Bwana yangu ndiye aliwaonyesha bureau yako, pale ulitunza ramani. Kunywa chai."

Hakuinywa. Tangu siku hiyo hakutulia. Kila asubuhi alizunguka zile nyumba nne, akibonyeza swichi zisizozima kitu. Alikwenda Lubondja kwa miguu, akaenda Kilembwe, akiuliza habari za lori. Watu walimjibu kwa upole kwamba malori ni mengi. Akifungasha virago aondoke, aliishia ufukweni, akaviangalia, akarudi navyo. Nyumbani kwa chifu, Solange alizoea. Watoto wakilala alifunika ampuli kwa kitambaa, na jioni majirani walileta karanga kubangua kwenye mwanga wake.

Mwaka 2003, vita vilipotulia, alikuja Kayitare, mtoto wa kaka yake Mukarurangwa. Bonaventure alimpokea barabarani.

"Ramani ni mimi nilitoa," alimwambia, hata salamu hazijaisha.

Kayitare aliendelea kutembea mpaka mlangoni kwa shangazi yake. Alitazama ndani. "Iko inawaka vizuri," alisema. "Shangazi hakupendaka giza." Kisha akamgeukia chifu, Eugène, na kumwomba amrudishie nyumba.

"Leta document," Eugène alisema.

Document, hati za nyumba, zilikwenda na lori. Mwezi huohuo akaja karani wa kuandikisha viwanja. Alisogeza meza chini ya ampuli ili aone vizuri, akaandika jina la Eugène kwenye nafasi ya mwenye nyumba. Kayitare alisimama uani akisikiliza kalamu. Karani akamwomba Bonaventure, kama mtaalamu, athibitishe mambo ya umeme.

"Umeme hakuna," Bonaventure alisema. "Na nyumba si yake."

Karani aliinua macho kwenye ampuli, akakunja uso kwa mwanga, akaandika: *Umeme upo.*