Filamu Iliyorudishwa Dukani

Watu wa Makambako waliirudisha filamu ya Esnath dukani kama wanavyorudisha redio mbovu. Wa kwanza alisema haina sauti. Wa pili alisema sauti anaisikia, ila ni ya kuku na mvua, na yeye hakununua DVD ili asikilize kuku, wa kwake nyumbani wanamtosha. Xaveri, mwenye duka la filamu karibu na stendi, aliwavumilia mpaka uvumilivu ukamwisha, akampigia simu mwenye filamu huko Njombe.

Esnath hakushangaa sana. Kazi yake ilikuwa kupiga picha za harusi na kipaimara, na kwa miaka mingi alikuwa akiota filamu yake mwenyewe. Alipopata nafasi akatengeneza filamu ya mwisho wa dunia, isiyo na moto wala tarumbeta. Dunia imekwisha huko mbali, redio zimenyamaza, hakuna lori linalopita barabarani, na katika nyumba moja ya kilimani wamesalia mzee na mkewe. Wanamenya viazi. Wanabishana kuhusu kuni. Basi. Waigizaji wa kulipwa hakuwaweza, hivyo akawaomba wazazi wake, Mzee Elius na Mama Hulda, waishi mbele ya kamera vile vile walivyozoea kuishi, ila bila majirani.

Mwisho wa filamu ulitoka kichwani mwa Elius. Esnath alikuwa ameandika mbingu zikipasuka, na baba yake akataka kujua hizo mbingu atazipasua kwa kamera ipi. Kisha akamwambia, "Mwanangu, kwetu kaburi linachimbwa na kijiji. Siku ukifiwa na asitokee mtu hata mmoja na jembe, ujue dunia imekwisha." Ikawa hivyo. Mke anafariki, na mzee anachimba peke yake.

Lakini katika maisha aliyetangulia ni Elius. Aliondoka kwa kifua, katika baridi ya mwezi wa saba, filamu ikiwa bado inahaririwa. Kijiji kizima kilikuja na majembe, kwaya ikaimba, mchungaji akasema maneno mazuri, na Hulda hakusikia hata moja. Alikuwa amemkasirikia marehemu. Hakuna aliyethubutu kulitamka jambo hilo, ila Esnath aliliona wazi. Mama yake hakulitaja tena jina la mumewe. Ikibidi kabisa alisema "yule aliyeondoka", kama anamsema kibarua aliyetoroka shamba halijaisha. Na filamu hakutaka kuiona. Esnath alimwahidi kwamba siku akiitazama na isimpendeze, itaondolewa madukani siku hiyo hiyo. Hulda akajibu kwamba ana maharage ya kuchambua.

Sasa Xaveri alikuwa na dawa. Alikuwa amempata Benno, yule bwana anayetafsiri filamu za Kichina na Kikorea, ambaye sauti yake inajulikana kuliko ya mtangazaji yeyote wa redio. Jumamosi mchana Benno angeijaribu kwenye kibanda umiza, ukumbi mdogo wa video nyuma ya duka, kwa kipaza sauti, mbele ya watu. Wakiipenda, angerekodi, na zingetoka DVD na flashi mpya zenye tafsiri. Esnath akamkumbusha kuwa filamu ni ya Kiswahili. Xaveri akasema hilo analijua, dada, ila ni Kiswahili kichache mno.

Esnath akawaka. Simu ilishakatwa na yeye bado anafoka sebuleni, mama yake alipoinua uso kutoka kwenye ungo akauliza ni akina nani wataitazama. Akaambiwa ni yeyote mwenye kiingilio. Hulda akatupa kokoto moja, akatupa nyingine.

"Kama Makambako nzima inamwangalia," alisema, "na mimi nitakwenda."

Jumamosi alivaa kitenge cha kanisani na sweta juu yake. Xaveri alimpa shikamoo mara mbili kwa woga, akamkalisha kwenye benchi la mbele. Kibanda kilijaa madereva wa malori, utingo wao na wauza viazi waliofunga biashara mapema. Benno alikaa ubavuni mwa televisheni, akakohoa, akaanza kazi.

Kwenye kioo Elius alikuwa anamenya kiazi. "Ndugu watazamaji," Benno akasema, "msimwone hivi. Huyu mzee ni komandoo mstaafu. Hicho kisu kimefanya kazi nyingine kabla ya kiazi." Watu wakacheka. Esnath alitamani ardhi immeze. Elius akatoka nje kutazama mawingu, Benno akamfanya anatafuta ndege za adui. Elius akamlalamikia mkewe kuhusu kuni mbichi, Benno akasema hizo ni lugha za siri za kijeshi. Esnath akageuka kumtazama mama yake, tayari kumshika mkono watoke.

Hulda alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kitenge, maana huyo komandoo, nyumbani alikuwa anaogopa bata mzinga. Esnath hakuwa amemsikia akicheka tangu msiba. Hasira ikampungua, akakaa vizuri kwenye benchi.

Kisha likaja kaburi. Siku ya kulipiga picha, Hulda alikataa kuwepo. Ni nani anayesimama kutazama kaburi lake likichimbwa? Alibaki jikoni kuwapikia wapiga picha, na ndani ya blanketi, badala ya maiti, walifunga gunia la pumba. Picha ilichukuliwa mara moja tu, kwani mzee wa umri ule huwezi kumchimbisha mara mbili. Ndiyo maana Esnath aliliacha kosa la baba yake lilivyo. Mke kwenye filamu anaitwa Mama Tumaini, na Elius alisema jina lingine.

Benno aliinua kipaza sauti. "Sasa komandoo anachimba handaki," alianza, halafu akaliona blanketi. Akakishusha. Kwao ni Lupembe. Alishachimba makaburi mengi pamoja na wenzake, wakipokezana jembe na kutaniana, na hakuwa amemwona mtu akichimba peke yake. Kibanda kikatulia. Jembe la Elius likasikika, na pumzi zake. Dereva mmoja huko nyuma alisimama kama anayekwenda kumpokea jembe, akakumbuka ni filamu, akabaki amesimama hivyo hivyo.

Elius aliegemea mpini, akasema kwa Kibena, taratibu, jinsi alivyokuwa akiongea mezani:

"Hulda, tulikubaliana nitangulie mimi. Nyumba hii bila wewe siiwezi. Hata chumvi sijui unaiweka wapi."

Akaendelea kuchimba mpaka filamu ikaisha.

Watu walitoka bila kelele. Benno alikuja kuomba radhi kwa mama kwa ule utani wa komandoo. Esnath akachuchumaa mbele ya benchi, akamwuliza mama yake kama filamu iondolewe. Hulda aliuliza ni nani aliyeandika yale maneno ya kaburini.

"Hakuandika mtu, mama. Aliyasema mwenyewe. Hata jina alikosea."

"Hakukosea." Hulda alikuwa analia sasa, bila kujificha. "Mwaka mzima nimemnunia kwa kuniacha. Kumbe aliogopa kubaki."

Akajifuta uso, akamwita Benno. Akamwambia arekodi utani wake wote, hata wa komandoo, ili watu wacheke. Ila pale aliponyamaza leo, anyamaze vile vile. Benno akaahidi. Xaveri naye akaahidi, ingawa hakuna aliyemwuliza.

Esnath akachukua mkoba wa mama yake na kumngojea mlangoni. Hulda hakuja. Alikuwa amesimama mbele ya televisheni iliyozimwa, anajifunga kitenge vizuri kama mtu anayeaga.

"Iko nyuma ya kopo la majani ya chai, Elius," alisema.