Mgonjwa wa Leo

Msusi aliinuka kwenye benchi la korido kwa mara nyingine, akachungulia mlango wa daktari, akarudi kukaa.

"Dada, utatoboa sakafu," jirani yake akamtania.

Akacheka kidogo, kisha huyo, kainuka tena. Saluni alimwacha mteja kafumuliwa nywele nusu kichwa, na simu haikuacha kuita. Lakini leo aliapa haondoki bila jibu.

Baba yake, mnadi wa mitumba, alijikunyata pembeni na chupa ya maziwa. Sauti iliyokuwa ikijaza soko zima ilibaki mkwaruzo. Alipiga funda, akakunja uso, likashuka kwa mbinde. Saratani ya umio, waliambiwa. Walimpitisha mpira kooni wakamega kipande cha nyama kwa ajili ya utafiti. Kuna protini, walieleza, zinazoweza kuonyesha ni nani ugonjwa utamwendea mbio na ni nani matibabu yatamkubali.

Hatimaye wakaitwa. Daktari wa utafiti, binti wa miwani, aliwapokea kwa bashasha.

"Majibu ni mazuri, mzee. Protini zako zinaonyesha uvimbe wa aina inayosikia mionzi. Ukianza mapema, una nafasi nzuri kuliko wengi."

Msusi akamshika baba yake bega. "Basi aanze leo hii!"

Daktari akainamisha macho. "Mashine ya mionzi imeharibika."

"Tangu lini?"

"Kabla hamjaja mara ya kwanza. Labda umwone msimamizi wa hospitali."

Msusi alitoka mbio mbio. Msimamizi alimsikiliza huku akipangusa kioo cha simu yake.

"Kipuri kimeagizwa, mama. Mtapigiwa."

"Na ugonjwa nao utasubiri kupigiwa? Mbona mashine ya kupima protini inafanya kazi?"

"Ile ni ya mradi. Mradi una fungu lake, matibabu yana lake. Usinipandishie sauti."

Aliporudi, alimkuta baba yake kalazwa ubavu kitandani, nesi kashika mpira ule ule.

"Mnamfanya nini tena?"

"Tunachukua kipande cha pili," daktari akasema. "Tulinganishe protini zimebadilikaje."

"Zimebadilikaje bila dawa?"

Daktari akarekebisha miwani ambayo haikuwa imeteleza.

"Fungua mdomo, mzee wangu," nesi akasema kwa upole.

Mzee alimtazama binti yake, akautazama mpira, akabana midomo.

"Tusaidie, baba," daktari akasihi. "Ni kwa faida ya wagonjwa wa kesho."

Mzee akajiinua taratibu, akatafuta viatu kwa vidole vya miguu.

"Mimi ni mgonjwa wa leo," akakwaruza.

Msusi alidhani wanakwenda nyumbani. Akamshika mkono, lakini mzee akauchomoa, akaufuata ukuta wa korido hadi kwa msimamizi. Hakubisha hodi. Alijishusha, akaketi kizingitini, mgongo kwenye upande mmoja wa fremu, miguu kwenye upande mwingine.

"Baba, tutafukuzwa."

"Watufukuze."

Wagonjwa wakaanza kugeuza shingo. Mlango ukafunguliwa. Msimamizi, funguo za gari mkononi, akasimama ghafla.

"Nipishe, mzee."

"Pita juu."

Msimamizi akainua mguu. Akaona macho ya korido nzima, akaushusha.