Miwani kutoka Walikale

Léonard wa Kibabi hakuwa na ng'ombe, hakuwa na meno ya mbele, hakuwa na mke tangu Pétronille alipozikwa, na kwa maoni yake hakuwa na mkwe. Binti yake, Adelaïde, alikuwa amemfuata mwindaji wa Walikale aitwaye Symphorien, mtu ambaye, Léonard alipenda kusema, hangeweza kutofautisha kitabu na kuni. Barua za binti hakuzijibu.

Mwaka wa pili wa uhuru, jirani yake Geneviève alishuka kwenye lori na kifurushi: miwani ya kusomea iliyozungushiwa barua.

"Adelaïde iko na mutoto mwanamuke, Papa. Hatamubatiza mpaka wewe umupe jina. Lori inarudi saa sita."

Léonard aliinua miwani kwa vidole viwili, kama anayemshika panya mkia. Vioo vyembamba, alisema. Hata zawadi ya mwindaji huja imekonda. Yeye alisoma shule ya jioni. Alijua kwamba lenzi iliyovimba katikati huipinda miale ya mwanga, na kadiri inavyovimba ndivyo inavyoikutanisha karibu. Hii ingeikutanisha wapi, Goma?

"Pima basi, mwalimu," alisema Geneviève. "Lori haingoji."

Akaishika juani ili kuiaibisha. Duara hafifu la mwanga likaanguka kiganjani. Alipoiinua, duara likasinyaa, likawa nukta, likamchoma. Urefu wa fokasi, yaani kutoka kioo hadi pale mwanga unapokutana, basi, ulikuwa kama kutoka kiwiko hadi ncha za vidole.

"Dhaifu," alisema. Akaivaa, akaisogeza barua mpaka umbali uleule. Herufi zikasimama.

"Baba, padri ana sanduku la miwani ya marehemu. Nilijaribu kila moja juani, kama ulivyonifundisha, nikitafuta inayokutanisha mwanga pale ulipokuwa ukishikilia kitabu cha sala. Nilimwonyesha Symphorien umbali huo, akanikatia kijiti cha kupimia."

Geneviève aliuliza kama kuna ubaya. Léonard alikuwa anatafuta kalamu.

Aliandika kwamba vioo ni vyembamba, kwamba fremu inabana masikio, na kwamba mtu mwenye akili angeona hilo. Mtoto aitwe Pétronille. Kalamu ikakaa hewani, kisha akaongeza: "Kijiti kile msikitupe."

Akaibandika bahasha kwa uji wa muhogo, akampa Geneviève aipeleke kwenye lori. Lori lilipoondoka na barua, miwani ilimgeuzia barabara yote kuwa ukungu. Hakuivua.