Sheria Isiyojua Sufuria

“Kwa mamlaka ya Sheria ya Usafi wa Maziwa,” alitangaza Mkaguzi Baltodano, mkono kifuani, “hakuna tone litakalovuka njia panda hii ya Las Lajas bila kupimwa kwa haki, kwa sayansi na kwa heshima ya taifa!”

Kuku akarukia mezani, akaiachia heshima ya taifa alama ya kijani.

Casilda alijing'ata shavu asicheke. Alikuwa amerudi likizo kutoka bweni la watawa, walikomfundisha unyenyekevu, somo ambalo hakuwahi kulifaulu. Lakini leo kicheko kilikuwa na mwiba: maziwa ya shangazi yake, Bi Domitila, yakikataliwa tena, lori la kiwanda cha jibini halitasimama kwake kamwe.

Sheria ilikuwa nyepesi kama kichwa kilichoibeba. Maziwa kidogo, spiriti kidogo, tikisa. Yakikatika, hutiwa rangi ya buluu yasiuzike.

Bwana Leoncio, mwenye malisho hadi upeo wa macho, alitangulia. Kila mtu alijua ng'ombe wake hunywa mtoni, na madumu yake vilevile. Mkaguzi akatikisa. Hakuna bonge, spiriti haina ugomvi na maji.

“Safi! Mfano kwa wote!”

Ya Bi Domitila yakakatika mabonge.

“Nimeyakamua alfajiri hii, bwana! Ni kiangazi, ng'ombe anatafuna vumbi, ndiyo maana. Yachemshe uone. Yakikatika motoni, hiyo rangi nimwagie mimi kichwani.”

“Mama, sheria haijui sufuria.”

“Basi haijui maziwa!”

Mkaguzi akaanza kufungua chupa ya rangi.

“Subiri, mheshimiwa,” Casilda akasema kwa sauti ya kanisani. “Kuna dumu jingine nyumbani.”

Akatoka mbio, akarudi na kidumu kilichofunikwa kitambaa. Mkaguzi akatikisa. Laini tupu. Akainua bilauri ya kupimia juani.

“Tazameni weupe huu! Haya ndiyo maziwa ambayo sheria iliyaota!”

Akagonga muhuri. Kisha, ili wakulima wajifunze, akajimiminia kikombe, akanywa mpaka chini. Akabaki anatafuna. Punje ya wali ilikuwa imetulia juu ya masharubu yake.

Chepe, dereva wa lori, alicheka hadi akashika tairi. “Shangazi, lete madumu yako. Kama wali umepewa muhuri, wewe muhuri wa nini? Kiwandani tuna sufuria, tutayachemsha.”

“Nani?” Mkaguzi alinguruma. “Nani ameidhalilisha sheria?”

Wote waliitazama sketi ya Casilda, iliyolowa maji meupe na kubandikwa punje tatu nne. Bi Domitila alimshika sikio.

“Sema, mtoto wewe!”

“Ni mimi,” Casilda akakiri, akiinuka kwa ncha za vidole kulifuata sikio lake. “Ni maji ya wali, mheshimiwa. Mama yake ni sufuria, yuko jikoni, mweusi kwa masizi, ana kifuniko. Nakiri yote. Ila kukatika, hayakukatika.”