Baiti za Mwanzo

Mwenye kovu usidhani kapoa. Mwandika programu huyu alikuwa nalo moja. Mtalaka wake, yaani mume wake wa zamani, aliwahi kushinda tuzo kwa picha ya mikono ya mama mkwe wake, mama akiwa kitandani anasubiri kufa. Picha ile aliipiga mwandika programu mwenyewe, mtoto wa marehemu. Mume akaipeleka kwa jina lake. Alipolalamika, bwana yule alimjibu mbele ya mawifi, "Wewe na picha wapi na wapi?"

Sasa waandaaji wa mashindano yaleyale walimpa mwanamke huyu kazi ya kutengeneza mfumo wa kupokea picha. Mungu hamtupi mja wake, alisema moyoni, ingawa alijua fika kwamba Mungu hahusiki.

Masharti yalitaka picha za JPEG tu. Naye alimjua mtalaka wake, asiyekosa mashindano hayo: mvivu, huhifadhi picha kama PNG, aina nyingine ya faili, kisha hubadilisha mwisho wa jina la faili kuwa .jpg akidhani amebadilisha picha yenyewe. Lakini kila faili hubeba mwanzoni baiti zinazotaja aina yake: JPEG huanza na FF D8, PNG na 89 50. Basi akaandika msimbo usiojali jina. Unafungua faili, unasoma baiti za mwanzo, na zisipolingana unaitupa. Mfumo wa kiungwana ungemwambia mtumaji arekebishe. Wa kwake ulimwandikia "Imepokelewa." Ulikuwa ubaya mtupu, na ulimpendeza.

Siku ya mwisho, alasiri, jina la mtalaka likaonekana kati ya waliotupwa. Akacheka peke yake ofisini. Mara chini yake likaja jina la binti yao, aliyekuwa kwa baba yake wiki hiyo. Simu ikaita.

"Mama, sikukwambia makusudi. Na mimi nimetuma picha zangu. Zimefika?"

Dawa ilikuwa rahisi: azihifadhi upya kama JPEG, atume tena. Muda ulikuwepo.

"Uko na nani hapo?"

"Na baba. Nimeweka spika. Ndiye aliyenionyesha namna ya kuzituma."

Kumwambia mtoto kulikuwa kumwambia na baba. Mama aliyatazama majina yale mawili. Alimhurumia mwanawe, akamhurumia kweli, na bado chuki ikawahi kufika mdomoni.

"Zimefika, mwanangu," alisema. "Zote."